Karatasi Nyeusi

Mtu anayetafuta shahada ya uzamivu hupewa miaka michache ya kuuliza swali moja. Langu lilikuwa hili: mtoto akiingia katika nyumba ya makumbusho, akatazama vitu vya kale, kisha akapewa karatasi na kalamu za rangi, je, mchoro wake waweza kutuambia amejifunza nini? Nililiona kuwa swali dogo, jepesi kubebeka. Yaliyonipata katika kulibeba ndiyo ninayotaka kukusimulia, msomaji, na kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kosa langu mwenyewe, nitajitahidi nisilipambe.

Nyumba niliyoichagua ni Makumbusho ya Meru. Ni nyumba ya mawe, katikati ya mji, na kwa umri ni miongoni mwa majengo ya kwanza ya mawe mahali pale. Haikujengwa kwa ajili ya kuhifadhi vitu. Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka 1906, na muda si mrefu baadaye wakafika Meru chini ya Edward Horne, ambaye watu walimpa jina la Kangangi. Utawala ukahitaji ofisi, na nyumba hiyo ikawa ofisi ya mkuu wa wilaya. Wazee wetu waliijua serikali ile kwa kodi, kwa amri na kwa kipande, yaani hati ya kazi ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa nayo. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwaka 1974 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho, na uani kwake pakajengwa mfano wa boma la Kimeru. Leo mtoto wa shule huingia akikimbia katika mlango ambao nje yake mababu walisimama wakingoja kuitwa.

Mwaka 2018 nilipata ruhusa ya kuleta hapo watoto wa darasa la tano kutoka shule mbili: moja ya Imenti, karibu na mji, na moja ya Mbeere, sehemu ya chini ya Embu. Niliwachagua hivyo kwa kusudi. Lugha zao ni za ukoo mmoja. Mtoto wa huku huelewa nusu ya maneno ya mtoto wa kule, na nusu ya pili huicheka. Lakini nchi zao hazifanani. Imenti ni nchi ya mvua, ya migomba, kahawa na majani ya chai. Mbeere ni nchi ya joto, ya migunga, mbuzi, mtama, pojo na nyuki. Nilitaka kujua kama watoto wa nchi mbili wakitazama kitu kimoja wataona kitu kimoja.

Vitu vilivyomo katika makabati ya kioo havishikwi, na ni haki yake, maana vingeshikwa na kila mkono visingefika kwa wajukuu. Kwa hiyo niliazima vitu vingine vijijini, nikavipanga juu ya meza kivulini: kiondo, kibuyu cha uji, kinu, ngoma, na mzinga wa nyuki. Mzinga huo ulikuwa gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, limezibwa kwa vibao miisho yote miwili, limekuwa jeusi kwa moshi, jua na umri. Kila mtoto aliruhusiwa kuvishika vitu hivi, kuvinusa na kuvigonga. Kisha angechagua kimoja akichore kama apendavyo.

Watoto wa Mbeere waliondoka kwao kabla ya alfajiri. Basi lilishika barabara kuu ya Embu, likapita Runyenjes na mto Thuci, likapita Chuka, likateremka bonde la Nithi, ambalo kwa ajali zake nyingi huwanyamazisha hata wasafiri wenye maneno, likapanda tena kupitia Igoji na Nkubu. Walishuka Meru wamekunjamana, wawili wametapika. Nikawapokea kwa chai na mikate. Baada ya chai nikamvika kila mtoto kadi yenye namba, inayoning'inia shingoni kwa uzi. Kanuni za chuo zinakataza majina ya watoto yasionekane katika utafiti, na kanuni hiyo ni njema. Siku ile sikufikiri hata kidogo kuhusu shingo nyingine zilizovikwa namba katika enzi ya nyumba ile. Nilifikiri baadaye sana.

Mwalimu wao alikuwa mtu wa busara na mwenye haraka. Aliniuliza kama kazi hii hutahiniwa. Nikamjibu kwamba haitahiniwi, na yeye alilijua jibu kuliko mimi: tangu miaka ya kwanza ya 2000 uchoraji haukuwamo katika mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa aghalabu hakifundishwi. Akasema wazazi wamechanga nauli, watauliza watoto wamerudi na nini. Basi akaniomba nimpe orodha ya alama. Sikuona ubaya. Tena, nikiri, nilifurahi kuonyesha kwamba uchoraji nao una hesabu zake.

Hapa yanipasa kueleza alama zenyewe zilitoka wapi. Elimu ya michoro ya watoto ina ukoo mrefu. Mwaka 1897 Franz Cizek alifungua mjini Vienna darasa la watoto, akawaacha wachore yaliyo moyoni mwao badala ya kunakili vielelezo vya mwalimu. Kwetu Afrika Mashariki, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere katika miaka ya 1930, naye pia alipata kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau. Watu hao niliwasoma na kuwapenda. Lakini kupenda hakujazi jedwali. Aliyenipa jedwali ni mwanasaikolojia wa Marekani, Florence Goodenough, ambaye mwaka 1926 alitoa kitabu cha kupima akili ya mtoto kwa kumwambia achore mtu. Kichwa kipo? Alama moja. Shingo ipo? Alama moja. Vidole vimetimia? Alama nyingine. Ni njia rahisi, yenye kujiamini. Nikaigeuza iwafae watu wa makumbusho: badala ya kiungo cha mtu nikaweka sehemu ya kifaa. Umbo, urefu kwa upana, vibao vya mzinga, tundu la kuingilia nyuki, rangi, na kadhalika, mpaka zikatimia alama 20.

Mtoto mwenye namba 31 alichagua mzinga. Jina lake silitaji. Alikuwa mvulana mwembamba, asiyesema, ambaye alipokuwa mezani alitia mkono ndani ya gogo mpaka kwapani, akautoa, akaunusa. Kisha akaketi, akachukua kalamu nyeusi, akaanza kupaka. Alipaka kutoka ukingo hata ukingo, kwa nguvu, karatasi ikang'aa kama kiatu. Kalamu ilipokwisha akaazima ya jirani yake, nayo ikaisha, na jirani akaja kushtaki. Mwishoni akachukua nyekundu, akatia doa moja dogo pembeni, akainua mkono kuonyesha kwamba amemaliza. Nilimwuliza, "Mzinga uko wapi?" Akanyoosha kidole kwenye karatasi yote. Nikaandika daftarini: anapoteza vifaa.

Alama zake zilikuwa 2. Moja ya rangi, kwa kuwa mzinga ulikuwa mweusi kweli, na moja kwa kujaribu. Doa jekundu nilidhani ni kosa la mkono. Jioni mwalimu alisimama mlangoni mwa basi, akasoma orodha kwa sauti, tangu mwenye 18 hata wa mwisho, nao wakacheka kicheko cha watoto waliochoka. Namba 31 alivua kadi yake shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akapanda basi. Nilimwona. Nilikuwa nikihesabu kalamu.

Miezi ikapita. Nilikaa mezani kwangu nikipanga namba, na namba zilinipendeza: watoto wa Imenti walikuwa juu, wa Mbeere chini, na tofauti ilikuwa kubwa ya kutosha kuandikiwa sura nzima. Sehemu ya pili ya mpango wangu ilikuwa kuwatembelea watoto wachache nyumbani kwao. Nikachagua waliopata alama nyingi sana na waliopata chache sana. Ndivyo jina la namba 31 lilivyoingia katika orodha ya safari, kama mfano wa mtoto ambaye makumbusho hayakumfundisha kitu.

Njiani nililala Kyeni, upande wa juu wa Embu, kwa mwenyeji ninayefahamiana naye. Mama wa nyumba hiyo aliposikia kwamba mimi ni mtafiti wa watoto, alimwita binti yake mdogo na kumkunja mkono wa blauzi ili nimpime. Nikacheka, kisha nikafahamu. Kati ya mwaka 1998 na 2000, shule 12 za sehemu zile ziliingia katika utafiti mashuhuri wa lishe: shule nyingine zilipewa githeri iliyotiwa nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa chakula wakati ule. Mama huyu alikuwa mwanafunzi siku hizo. Alikumbuka mizani, utepe wa mkononi na ladha ya nyama. Utafiti ule ulikuwa na faida, maana uliuonyesha ulimwengu kwamba nyama kidogo katika chakula cha mtoto husaidia hata akili yake. Nilimweleza mama kwamba mimi sipimi mikono, natazama michoro. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Nayo huwa na kilo ngapi?" Sijui kama alikuwa akifanya mzaha.

Siku ya pili nikateremka Mbeere. Mvulana alikuwa akilelewa na babu na bibi yake. Alinisalimu kwa adabu, akaenda kusimama nyuma ya zizi la mbuzi, asikaribie tena. Bibi aliniambia kwamba tangu safari ile ya Meru hachori. Zamani alikuwa akichora kwa mkaa ukutani mwa jiko hata akagombezwa, sasa ukuta umekuwa safi. Aliyasema hayo kama habari njema.

Babu yake aliniketisha chini ya mti. "Karibu, mwalimu. Umetoka mbali."

"Asante, mzee. Nimeleta mchoro wa mjukuu wako."

Akaupokea kwa mikono miwili, akautazama, kisha akaugeuza juu chini. Namba niliyoiandika ukingoni, ili kujua wapi ni juu na wapi ni chini, niliiandika mahali pasipo. Sasa doa jekundu halikuwa chini pembeni. Lilikuwa juu, karibu na kilele cha karatasi. Mzee akatazama tena, akacheka polepole.

"Ni usiku ule wa mgunga mkubwa," akasema.

"Na mzinga uko wapi, mzee?"

"Uko hapo. Usiku huuoni mzinga, mwalimu. Huuoni hata mti."

"Na hili jekundu?"

"Huu ni moto. Moto ule ni mimi."

Akanieleza, na mimi niliyezaliwa katika nchi ya kahawa nikasikiliza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nyuki wa kwao ni wakali mchana, kwa hiyo mrina asali hupanda usiku, tena usiku usio na mwezi. Hubeba kienge cha magome kinachofuka, moto wake ukiwa mdogo kama jicho. Mtoto hubaki chini na chombo na kamba. Haruhusiwi kuwasha taa wala kuita. Kazi yake ni moja, kuutazama moto. Ukienda taratibu, babu yu salama. Ukisimama, amefika mzingani. Ukianguka peke yake, kienge kimemponyoka. Ukianguka polepole huku ukigonga matawi, mtoto akimbie kuwaita watu.

Mzee alikuwa ameigeuza karatasi nyuma. "Na maandishi haya?"

Nikamwambia kwamba ni alama, na kwamba ni 2.

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya 20."

"Aliyepata nyingi alichora nini?"

Nikamweleza: alichora mzinga kama ulivyokuwa juu ya meza, na vibao vyake na tundu lake. Mzee alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayesikiliza shauri, akasema, "Huyo naye amechora vizuri. Mzinga wa mezani hauna nyuki." Hakuongeza neno. Laiti angenikaripia.

Mwezi ulikuwa mwembamba siku zile, unatua mapema. Nililala pale, na usiku wa pili wakanichukua. Mrina ni mzee, lakini alipanda mti kama anayepanda kitandani. Mimi na mvulana tulisimama chini. Kwa dakika chache niliona shina, kisha sikuona hata mkono wangu. Palikuwa na weusi tu, mzito, uliojaa kutoka ukingo hata ukingo, na humo ndani, juu, upande mmoja, doa jekundu. Lilipanda, likasimama. Nyuki wakaanza kuvuma gizani bila kuonekana. Mvulana hakuwa ameniambia neno tangu nilipofika. Nilipoinamisha kichwa kutafuta nimekanyaga nini, aliniguse mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tazama juu."

Niliporudi chuoni nilitafuta tena maandishi ya Goodenough. Kitabu chake cha mwaka 1926 nilikuwa nimekisoma chote. Makala aliyoyaandika pamoja na Dale Harris mwaka 1950 sikuwa nimeyagusa. Humo wanasema kwamba kutafuta kipimo cha akili kisichoguswa na utamaduni wa mtu ni kufuata mazigazi, na Goodenough mwenyewe, akiitaja kazi yake ya zamani ya kulinganisha makabila ya watu, anaomba radhi, kwa maandishi, mbele ya wanazuoni wenzake. Miaka 24 ilikuwa imepita. Hata hapa kwetu onyo lilikuwapo: mwaka 1989 Elsbeth Court alichapisha makala kuhusu michoro ya watoto wa mashambani Kenya, akionyesha jinsi utamaduni wanamokulia unavyoingia katika michoro yao. Nilikuwa nimeliorodhesha jina lake. Kuorodhesha si kusoma.

Nilimwendea msimamizi wangu nikamwambia kwamba sura yangu nzuri ya namba siwezi kuitia sahihi. Hakukataa. Alinionyesha tu kalenda. Fedha za masomo zilikuwa za miaka 3, nami nilikuwa nikiomba kuanza upya katika mwaka wa tatu. Nikafundisha madarasa ya jioni ili nipate nauli, nikarudi kwa watoto wote, wa Imenti na wa Mbeere, mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwuliza lile nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza: nieleze umechora nini. Mtoto wa Imenti aliyechora kiondo kikubwa kuliko mtu alisema kwamba mama yake hukibeba kimejaa, na kikijaa huwa kikubwa hivyo. Aliyepata alama 18 alisema kwamba hajawahi kuuona mzinga mtini, naye alitaka kujua nyuki huingilia wapi, ndiyo sababu tundu lake alilichora kwa uangalifu. Kwa hiyo yeye kweli alijifunza pale mezani, na nisimnyime haki yake kwa kuwa nimeingiwa na huruma kwa mwenziwe. Tasnifu yangu imebaki na majedwali machache. Yako wapi mafanikio ya mtoto ambaye anajua kuliko makumbusho, na utayahesabuje? Msahihishaji mmoja aliniuliza hivyo, na jibu nililompa halikumridhisha, wala mimi.

Kwa mvulana yule nilikwenda kuomba radhi, nami niliiomba mbele ya babu na bibi, kwa kuwa aibu yake ilisomwa mbele ya watu. Alisikiliza akitazama miguu yake. Mzee akaniuliza kama karatasi ile ni mali ya chuo. Kwa kanuni ni kumbukumbu za utafiti, hutunzwa kabatini kwa miaka kadhaa. Nilikwisha kuipiga picha, nikaitoa, nikamwachia. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, upande ulio sawa, moto ukiwa juu. Wino wangu mwekundu ungali nyuma yake.

Nilikuwa nimemletea mvulana zawadi. Nilitafuta dukani kalamu nyeusi peke yake nisiipate, maana huuzwa paketi ya rangi 12, na nyeusi ni moja tu. Nikanunua paketi 10, nikazitoa nyeusi zote, nikazifunga kwa uzi. Zilizobaki zingali nyumbani kwangu, rangi zote isipokuwa ile. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akampa bibi yake azitunze mpaka pojo zivunwe, kwa kuwa shamba lilikuwa limeiva na hapakuwa na nafasi ya mchezo. Kisha akafungua zizi, akawatoa mbuzi.